Jina Hubaki, Samaki Huondoka: Majina ya Samaki na Ushirikiano wa Kikanda katika Uhifadhi wa Bioanuwai ya Ziwa Victoria

Ikisiri

Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria zina mikataba ya pamoja ya uvuvi na mazingira, na kabla ya mikataba hiyo zilikuwa na utafiti wa pamoja uliovunjika mwaka 1977. Makala haya yanaeleza kwa nini mikataba hiyo, pamoja na uzito wake, haioni sehemu kubwa ya bioanuwai inayokusudia kuilinda. Sababu mojawapo ni ya kiisimu: samaki mmoja ana majina matatu, jina moja linabeba mamia ya spishi, na jina la samaki wa asili limehamia kwa samaki mgeni. Makala yanachunguza majina ya ngege, furu, dagaa na mamba, yanaangalia nafasi ya Kiswahili katika mwambao wa Uganda ambako lugha hii ina historia nzito, kisha yanapendekeza sajili ya pamoja ya majina itakayoanzia mwaloni.

Maneno muhimu: bioanuwai, Ziwa Victoria, majina ya samaki, istilahi, ushirikiano wa kikanda

Utangulizi

Kati ya mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu wa uvuvi wa Ziwa Victoria. Samaki aliyemshughulisha zaidi alikuwa ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, ambaye Graham mwenyewe alimpa jina la kisayansi mwaka 1928 na ambaye leo huandikwa Oreochromis esculentus. Neno esculentus ni la Kilatini na maana yake ni ‘afaaye kuliwa’. Kweli aliliwa: ngege ndiye aliyekuwa mhimili wa uvuvi wa kibiashara ziwani, na hofu ya Graham ilikuwa kwamba nyavu za kutega zilizoletwa mwanzoni mwa karne ya 20 zingemmaliza. Alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5.

Mtu akienda leo Kampala au Kisumu na kuagiza ngege, ataletewa ngege. Lakini samaki atakayewekwa mezani, takriban kila mara, ni Oreochromis niloticus, perege wa Mto Nile aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Ngege wa Graham amekuwa adimu mno katika ziwa kuu. Amesalia hasa katika maziwa madogo ya pembezoni, kama vile Kanyaboli lililo katika kinamasi cha Yala nchini Kenya, na baadhi ya maziwa madogo ya eneo la Nabugabo nchini Uganda. Samaki ameondoka, jina limebaki, na mgeni amelirithi. Mlaji hana sababu ya kutambua kwamba kuna kilichopotea, kwa kuwa neno alilolitumia babu yake bado linafanya kazi.

Kwa mwanaisimu, kuhama kwa jina namna hii si jambo geni. Maneno huhama kila siku. Kwa mshauri wa sera, hata hivyo, ni jambo la kutia wasiwasi. Taarifa za uvuvi hukusanywa kwa kumuuliza mvuvi amevua nini, naye hujibu kwa jina. Ikiwa jina limeshahama, jibu lake ni la kweli na takwimu inayotokana nalo ni ya uongo. Makala haya yanashikilia kwamba ushirikiano wa kikanda katika ziwa hili umefika mbali katika kukubaliana juu ya sheria, nyavu na vipimo, lakini haujakubaliana juu ya majina, na kwamba pengo hilo linapunguza uwezo wa nchi zetu kuona kinachotoweka.

Ziwa moja, ushirikiano uliovunjika na kuungwa tena

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania inamiliki takriban asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Samaki hawana habari na asilimia hizo. Mazalia yakiharibiwa katika ghuba moja, hasara huonekana kwenye mialo ya nchi nyingine, na hili lilieleweka mapema: Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja mwaka 1947 kwa ajili ya ziwa zima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, utafiti huo nao uligawanyika. Kila nchi ikabaki na taasisi yake: Jinja kwa Uganda, Kisumu kwa Kenya na Mwanza kwa Tanzania.

Mgawanyiko huo ulikuja wakati mbaya kuliko wote. Sangara, Lates niloticus, alikuwa amepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa takriban miaka ishirini alikaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi tatu zikiwa hazina tena chombo cha pamoja cha kufuatilia hali ya ziwa, idadi yake ililipuka. Badiliko kubwa kabisa la kiikolojia katika historia ya ziwa hili linalojulikana na binadamu lilitokea katika kipindi ambacho majirani walikuwa hawasomeani taarifa.

Ushirikiano uliunganishwa upya kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO) lenye makao yake Jinja. Mwaka 2003 nchi wanachama zilitia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo kamisheni yake iko Kisumu na inazihusisha pia Rwanda na Burundi kupitia Mto Kagera. Mafanikio hayakukosekana. Hesabu za wavuvi, vyombo na zana hufanywa kwa utaratibu mmoja katika nchi zote tatu. Urefu wa chini wa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa ulikubaliwa kuwa sentimita 50. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa herufi BMU, viliundwa kwa mwongozo uliooanishwa. Anayedai kwamba kanda yetu haiwezi kufanya kazi pamoja hajasoma historia ya ziwa hili kwa makini. Makubaliano yote hayo, lakini, yaliandikwa kwa Kiingereza, na orodha ya samaki iliyomo ni fupi kuliko ziwa lenyewe.

Furu: neno moja juu ya spishi 500

Mfano ulio mzito kuliko yote ni furu. Hili ndilo jina linalotumika upande wa Mwanza kwa samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wanaoitwa kisayansi haplokromini. Wajaluo huwaita fulu, Waganda huwaita nkejje. Ni samaki wa urefu wa kidole au kiganja, wenye mifupa mingi na bei ndogo. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za samaki hawa, karibu zote zikiwa hazipatikani penginepo duniani. Uchunguzi wa nyavu za kukokotwa na meli uliofanywa kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini ulikuwa wao. Baada ya mlipuko wa sangara walipungua kwa kasi ya kutisha, na kiasi cha spishi 200 huaminiwa kuwa zimetoweka.

Ni vyema kufafanua maana ya ‘spishi 500’ hapa, kwa sababu msomaji asiye mwanabiolojia anaweza kudhani ni tofauti za rangi tu. Kundi la watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, lililoanza kazi Mwanza mwaka 1977, yaani mwaka uleule Jumuiya ilipovunjika, liliwagawa furu kwa kufuata chakula chao. Kulikuwa na waliokula tope na mabaki ya mimea chini ya maji, waliochuja vijidudu vinavyoelea, waliosaga konokono kwa meno ya kooni, na waliokwangua mwani juu ya miamba. Wengine waliwinda samaki wenzao, wengine walinyofoa magamba ya samaki wengine, na wengine waliishi kwa kunyang’anya mayai na vifaranga vilivyofichwa vinywani mwa mama zao. Kila kundi lilikuwa na kazi yake ziwani. Waliokula tope na mwani walirejesha virutubisho katika mzunguko wa chakula. Walipopungua, mwani ulipoteza baadhi ya walaji wake katika kipindi ambacho maji yalikuwa tayari yakipokea mbolea na maji taka kutoka nchi kavu.

Uchafu huo nao una kisa chake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majike wa furu humtambua dume wa spishi yao kwa rangi, na kwamba maji yanapokuwa na ukungu rangi hazionekani vizuri. Jike huchagua dume asiye wake, na spishi mbili zilizokuwa zikiishi pamoja bila kuchanganyika huanza kuyeyuka na kuwa moja. Spishi hutoweka hivyo hata pasipo kuliwa na sangara.

Sasa tuangalie namna furu wanavyoingia katika kumbukumbu za pamoja za kanda. Makundi makuu katika taarifa za mavuno ni sangara, dagaa, perege, furu na ‘wengineo’. Furu ni kundi moja. Tani moja ya spishi inayozaliana kwa wingi huziba pengo la spishi kumi zilizokwisha, na jedwali linaonyesha uthabiti. Tangu miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya furu wamerejea, hasa walao vijidudu vinavyoelea na walao tope. Ni habari njema. Lakini neno ‘furu wamerejea’, likisemwa hivyo tu katika ripoti, huficha kwamba waliorejea ni baadhi, na kwamba spishi nyingi za walao samaki wenzao hazikurejea.

Mtu anaweza kupinga kwamba dawa ni kutumia majina ya kisayansi. Pingamizi hili lina nguvu kidogo kuliko linavyoonekana. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950 na kuwaelezea furu wengi, baadaye aliwagawa katika jenasi nyingi, na sehemu kubwa ya ugawaji huo haikukubaliwa na waliomfuata, hivyo samaki yuleyule anaweza kukutwa katika vitabu tofauti kwa majina tofauti. Zaidi ya hayo, furu wengi hawajapewa jina rasmi mpaka leo. Watafiti waliokuwa Mwanza walilazimika kuwabatiza majina ya muda ili waweze kuelewana kazini. Walifanya, kwa maneno mengine, lile ambalo jamii yoyote ya watumiaji lugha hufanya inapokutana na kitu kinachohitaji kutofautishwa. Na hata kama majina ya Kilatini yangekuwa kamili, hayasemwi mwaloni alfajiri wakati mitumbwi inaposhusha.

Majina ya sokoni

Kwa samaki wenye thamani ya fedha hali ni kinyume: majina ni mengi na samaki ni mmoja. Sangara wa Tanzania ni mbuta kwa Wajaluo na mputa nchini Uganda. Dagaa wa ziwa hili, Rastrineobola argentea, ni omena Kenya na mukene Uganda. Wafanyabiashara wanaovuka mipaka hawapotei katika majina haya. Wanayajua yote na huyabadilisha kufuatana na mteja. Anayepotea ni mwandishi wa ripoti aliyeko makao makuu, na wakati mwingine mkalimani.

Neno dagaa lenyewe linastahili kuangaliwa kwa karibu. Pwani, dagaa ni samaki wadogo wa bahari. Ziwa Tanganyika, dagaa ni jina la samaki wawili wa jamii nyingine, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambao Burundi huitwa ndagala. Ziwa Victoria, dagaa ni samaki wa jamii ya tatu isiyo na undugu wa karibu na hizo mbili. Kinyume chake, Limnothrissa alipopelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata jina jipya: isambaza Rwanda, sambaza upande wa Kongo. Samaki mmoja ana majina mawili katika maziwa mawili, na jina moja lina samaki wa jamii tofauti kutoka Kigoma hadi Unguja. Mshauri anayeandaa kanuni ya kikanda juu ya ‘nyavu za dagaa’ anapaswa kujua kwamba ameandika kanuni ya uvuvi wa aina kadhaa.

La kufurahisha ni kwamba Kiswahili cha sokoni kilikwisha kulitatua jambo hili bila kusubiri semina. Muuza duka wa Dar es Salaam husema ‘dagaa wa Kigoma’ na ‘dagaa wa Mwanza’, naye haeleweki vibaya. Jina la jumla linafuatwa na mahali. Muundo huu ni rahisi, ni wa Kiswahili halisi, na unatosha kutofautisha jamii za samaki ambazo hata sheria zetu huzichanganya. Nitaurudia katika mapendekezo.

Mfano wa mamba ni wa kuchekesha, ila una uzito. Katika Kiganda, mmamba ni kambaremamba, samaki mwenye mapafu anayeweza kuishi ndani ya tope ziwa likipungua. Wajaluo na wavuvi wengi wa upande wa Tanzania humwita kamongo. Katika Kiswahili, mamba ni yule mtambaazi mwenye meno ambaye Waganda humwita goonya. Ngozi ya mamba wa Kiswahili inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kama CITES. Mmamba wa Kiganda, kwa upande wake, ana ulinzi wa namna nyingine: ni mwiko wa ukoo mmojawapo mkubwa wa Buganda, na wanaukoo hawamli. Afisa wa Uganda akiandika kwa Kiswahili kwamba mtumbwi umekamatwa na ‘mamba wabichi arobaini’, mwenzake wa Musoma atakuwa na haki ya kuomba askari wa ziada.

Kiswahili cha nani?

Huwa inachukuliwa kuwa wazi kwamba dawa ya wingi huu ni Kiswahili. Hoja hiyo ina msingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekipa Kiswahili hadhi mpya, Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar kwa kazi ya namna hii hasa. Pamoja na hayo, mwandishi anayetoka upande wa Uganda hana budi kuongeza jambo ambalo wenzetu wa Tanzania na Kenya hawalisikii mara kwa mara.

Katika mwambao wa Uganda, Kiswahili ni lugha ya jeshi. Ndivyo ilivyokuwa tangu majeshi ya kikoloni, ndivyo ilivyokuwa mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika kumbukumbu za wengi sauti ya Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Mwaka 2015 vikundi vya BMU vilisimamishwa nchini Uganda, na mwaka 2017 jeshi lilipewa jukumu la kupambana na uvuvi haramu. Wapo waliosifu kurejea kwa sangara wakubwa, na wapo waliolalamikia ukali wa askari. Siingii katika hukumu hiyo. Ninachotaka kionekane ni kwamba kwa mvuvi wa Kalangala au Namayingo, neno ‘doria’ na neno ‘hifadhi’ yalifika yakiwa yamevaa sare. Mpango wa kikanda utakaoleta istilahi za Kiswahili kutoka juu, ukaziweka mahali pa nkejje na mukene, utapokewa kama amri nyingine.

Neno hifadhi lina mzigo wake hata Tanzania na Kongo. Kwa afisa ni kitendo cha kutunza. Kwa mwanakijiji ni mahali, tena mahali ambapo yeye haruhusiwi kuingia. Tukisema ‘uhifadhi wa ziwa’, mmoja anasikia utunzaji na mwingine anasikia kufukuzwa. Nadhani utunzaji ni neno salama zaidi katika mazungumzo ya mwaloni, ingawa najua halitashinda katika vichwa vya habari vya wizara, na makala haya yenyewe yameshindwa kulikwepa neno la wizara. Hata istilahi kuu ya mkutano huu haijatulia: Tanzania huandika bioanuwai, Kenya huandika bayoanuwai. Tofauti hiyo haiui samaki yeyote, lakini anayetafuta nyaraka kwa kompyuta atapata nusu tu ya zilizopo.

Kwa upande mwingine, yapo maneno yaliyofaulu, na kufaulu kwao kunafundisha. Mwalo ni mojawapo. Kamusi za Kiswahili cha pwani zina diko kwa mahali pa kushushia samaki, lakini maafisa wa uvuvi wa Tanzania huandika mwalo, wingi mialo, neno la watu wa ziwa lenyewe. Mganda akilisoma halimsumbui, kwa sababu katika Kiganda ni omwalo. Hakuna kamati iliyolibuni. Lilipanda kutoka majini hadi ofisini. Mfano wa pili ni gugumaji, jina la mmea vamizi ulioonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Hili lilibuniwa, lakini kwa viungo ambavyo kila msemaji anavielewa, gugu na maji, na likaenea pamoja na kampeni ya nchi tatu ya kuupunguza mmea huo kwa kutumia fukusi wa jenasi ya Neochetina katika miaka ya 1990. Sidai kwamba jina ndilo lililoshinda gugu. Fukusi ndio waliolila. Lakini mkulima, mvuvi na waziri walikuwa wakizungumzia kitu kimoja.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kanuni za uvuvi zitakuwa na matini ya Kiswahili yenye nguvu ya kisheria upande mmoja wa ziwa, huku Kenya na Uganda zikiendelea kwa Kiingereza. Watafsiri wa Dodoma watachagua majina, na watayachagua kwa kufuata matumizi ya Tanzania, kwa kuwa hawana orodha nyingine mbele yao. Hakuna wa kulaumiwa. Ila baada ya miaka kumi tutakuwa na istilahi ya nchi moja iliyokaa mahali ambapo ingekaa ya kanda, na kuibadilisha kutahitaji kubadilisha sheria.

Sajili ya majina

Kinachohitajika ni sajili, si kamusi. Kamusi huchagua neno moja na kuyaita mengine visawe au lahaja. Sajili hupokea kila jina, humwonyesha samaki kwa picha, hutaja lugha, mwalo na matumizi, kisha huambatanisha jina la kisayansi pale lilipo. Jina la Kiswahili la kikanda huwekwa kama daraja la kuvukia, si kama nyumba ya kuhamia. Pale ambapo hakuna jina la kutofautisha, muundo wa ‘dagaa wa Kigoma’ utumike: furu wa mawe, furu wa tope, furu wa konokono. Majina haya yanafuata mazingira na chakula, yaani vigezo vilevile vilivyotumiwa na wanabiolojia, na mtu yeyote aliyewahi kushika ndoano anayaelewa. Kwa ngege, sajili iseme wazi kwamba jina hili linabeba samaki wawili: ngege wa asili na ngege wa Nile. Kivumishi kimoja tu kingemwezesha mkaguzi wa Siaya kuripoti alichokiona.

Kazi hii haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao, wala na idara za uvuvi peke yao. Kamisheni ya Kiswahili ina utaalamu wa istilahi na haina mitumbwi. LVFO ina wakusanyaji takwimu katika nchi tatu na haina wanaleksikografia. BAKITA na mabaraza mengine yanaweza kusanifisha, ila baada ya ukusanyaji, si kabla. Wanaopaswa kuulizwa kwanza ni wale ambao samaki wadogo wana maana kwao: watoto wanaovua kwa ndoano kandokando ya miamba, wanaotafuta chambo cha kuvulia sangara kwa ndoano za migonjo, wanawake wanaokausha na kuchagua dagaa na kuwatenga furu walioingia wavuni, na wazee wa Buganda wanaojua nkejje ipi hutumiwa katika tiba ya asili ya surua ya watoto. Majina hufuata matumizi. Mahali ambapo furu ni takataka ya wavu, neno moja linatosha. Mahali ambapo ni chambo, dawa au mchezo, ndipo macho huanza kutofautisha na ndimi hufuata. Utafiti wa nyanjani wa wanaisimu uanzie hapo.

Gharama si kubwa ukilinganisha na boti za doria. Fomu ya takwimu za mavuno inayotumika katika nchi zote tatu tayari ina safu ya kundi la samaki, na kuongeza safu ya pili, ya jina alilolitaja mvuvi kwa lugha yake, hakuhitaji itifaki mpya wala kikao cha mawaziri. Kanyaboli na Nabugabo pafaa pawe pa kwanza, kwa kuwa huko ngege wa asili bado anavuliwa na wapo wanaoweza kumwonyesha kwa kidole. Mkusanyaji aagizwe kuandika neno kama alivyolisikia, bila kulisanifisha, na kupiga picha.